Kabla hujarusha dadu, adui wako anataka nini?

Wewe ambaye Jumamosi hii utaketi mbele ya wasee wanne au watano, daftari la hesabu la miraba likiwa ndilo uwanja na vifuniko vya soda ndivyo majeshi, nina swali moja kabla hujarusha dadu. Hao maadui uliowapanga wanataka nini hasa?

Jibu la kawaida tunalijua sote. Wanataka kupigana. Wamejaa pangoni wakingoja wachezaji wafike, na wakishafika wanapigwa mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Hakuna anayetoroka, hakuna anayesema jamani tuongee. Ukiuliza ni kwa nini wako hivyo, kitabu kinakujibu kwamba wao ni orki ama goblini, na orki huzaliwa hivyo. Basi, rusha dadu.

Mimi nasema huo ni uvivu wa maandalizi. Kwingine pengine unaweza kupita. Ukiwa unachezesha Kibera au Kawangware haupiti, na sababu nitakupa.

Kwa yule aliyefika hapa bila kujua tunaongea nini: hii ni gemu ya mezani ambapo kila mchezaji ana mhusika wake, labda mwindaji, mganga au mwizi hodari wa kufungua kufuli. Mmoja wenu, yaani mchezeshaji, anashika dunia yote iliyobaki: mahali, mvua, wapita njia, maadui. Mchezaji anasema anachotaka kufanya, na pale ambapo hakuna uhakika, dadu inaamua. Iliyo maarufu zaidi ni Dungeons & Dragons, ambayo Gary Gygax na Dave Arneson waliitoa Marekani mwaka 1974. Hao walikuwa watu wa michezo ya vita, na mizizi ya michezo hiyo inarudi nyuma hadi jeshi la Prussia. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa huko, von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa ramani, vipande, dadu na mwamuzi. Mwamuzi yule ndiye aliyekuwa akiambia kila upande kile tu ambacho wangeweza kukiona kutoka pale walipo. Huyo ndiye babu yako wewe mchezeshaji.

Zipo gemu za aina hii ambazo zinajali zaidi maongezi, na zipo zinazojali mbinu: umesimama mraba gani, nani yuko nyuma yako, utafika mlangoni kwa hatua ngapi. Toleo la nne la Dungeons & Dragons la mwaka 2008 lilikuwa hivyo, na Pathfinder toleo la pili la mwaka 2019 liko hivyo pia. Hizi za mbinu ndizo naona zinashika haraka mtaani, na mimi sishangai. Sisi ni watoto wa drafti. Msee aliyekulia maskani akiona vifuniko vya soda vikisogezwa kwenye ubao kutoka asubuhi hadi giza, na babu yake alikuwa akicheza ajua, giuthi au bao, hahitaji mtu wa kumfundisha kufikiria hatua tatu mbele.

Pesa pia isikuzuie. Vitabu vyenye picha za kung'aa ni ghali, lakini sheria za msingi za Dungeons & Dragons zilitolewa bure Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, na za Pathfinder zinasomeka mtandaoni kihalali bila kulipa. Chapisha kurasa chache kwenye saiba, nunua karatasi moja ya manila, ichore miraba kwa rula, umemaliza. Dadu za pande 20 ukizikosa, simu ina programu ya kurusha. Ama tumia zile tatu za ludo, lakini hapo kuwa makini kidogo. Ukitumia dadu ya pande 20 na mchezaji anahitaji 14 kwenda juu, ana nafasi 35 kati ya 100. Ukirusha dadu tatu za ludo ukajumlisha, kupata 14 kwenda juu ni nafasi 16 tu kati ya 100, maana dadu tatu hupenda kuangukia katikati. Kwa hivyo ukibadilisha dadu, punguza namba zako, la sivyo wachezaji watakosa mapigo jioni nzima na wiki ijayo watakuwa na shughuli zingine.

Sasa tuje kwenye uwanja, maana mchezeshaji mzuri huanzia hapo kabla ya kufika kwa adui.

Vitabu vingi vitakupa ngome ya mawe, daraja la kamba, msitu wenye theluji. Vichore ukitaka. Lakini fikiria una nini nje ya mlango. Mpaka mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni, na jina lenyewe, kutoka neno la Kinubi kibra, maana yake ni msitu. Mwaka huo vijana wa hapo hapo, katika mradi wa Map Kibera, walizunguka na vifaa vya GPS wakaweka vichochoro, vyoo, zahanati, shule na vituo vya maji kwenye OpenStreetMap. Ramani hiyo ni bure mpaka leo. Unaweza kuifungua, ukachagua kipande cha Gatwekera, Lindi au Laini Saba, ukakihamishia kwenye miraba yako na ukabadilisha majina. Uwanja wako wa vita umekamilika, na una vitu ambavyo hakuna kitabu cha ng'ambo kitakupa.

Chukua kichochoro. Kina upana wa mtu mmoja, yaani mraba mmoja. Msee mwenye ngao akisimama hapo, watu kumi nyuma yake hawana kazi, na watu kumi mbele yake pia hawana kazi. Mtaro unaopita katikati unakula hatua mbili badala ya moja. Paa la mabati linapitika, lakini aliyevaa chuma atatoboa, na asiyetoboa bati litalia na kila mtu chini atajua yuko wapi. Halafu kuna reli. Weka sheria kwamba raundi ya nne treni inapita, na kwa raundi mbili uwanja umekatika vipande viwili, hakuna anayevuka. Utaona wachezaji wanaanza kuhesabu raundi kwa vidole. Mganga wao anakimbilia upande wa majeruhi kabla ya honi. Adui naye, ikiwa umempa akili, anajua ratiba ya treni kuwaliko, kwa sababu yeye anaishi hapo.

Uwanja hubadilika pia, kwa hivyo usichore mara moja ukalala. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule ndani ya Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na watu wapatao 30,000 wakaachwa bila makao. Kampeni yenu ikiendelea miezi sita, ruhusu kipande cha ramani kifutwe. Vichochoro walivyovizoea visiwepo tena, na pahali pa kujificha pawe barabara pana yenye taa. Hiyo ni mbinu mpya kabisa bila kuongeza hata adui mmoja. Na wale ambao yaliwapata kweli wataelewa bila wewe kueleza, kwa hivyo waulize kwanza kama wako sawa na hilo. Gemu haina haki ya kumshtua mtu na siku aliyopoteza nyumba.

Kawangware ni uwanja mwingine. Hapo mimi ningechora ploti. Unaijua: geti moja la chuma, ua mwembamba katikati, vyumba vimetazamana, mfereji mmoja, choo mwisho, kamba za nguo zimekatiza kote. Juu pengine kuna ghorofa ya mawe, na jirani yake ni mabati. Usiku geti linafungwa, na kuna mtu mmoja mwenye ufunguo. Mimi sijaona ngome ya Ulaya inayoishinda hiyo. Kuna njia moja ya kuingia, macho 20 ya majirani, nguo zinazoziba mshale lakini hazizuii mtu, na swali zito kuliko yote: keya anaamka haraka kiasi gani na yuko upande wa nani? Nje ya geti weka mkokoteni wenye mitungi. Mtu ataupindua kuziba njia, nakuhakikishia.

Sasa adui.

Mitaa hii miwili imeona mapigano ambayo hayakuwa ya vifuniko vya soda. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, reli ya Kibera iling'olewa na nyumba zikachomwa. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware iliona vibanda vikiwaka na majirani wakigawanyika pande mbili kwa lugha ya mama zao. Ukiwa na miaka 18 leo, ile ya 2017 unaikumbuka ukiwa mtoto wa darasa la chini, umefungiwa ndani. Ukiwa wa miaka 25, unazo zote mbili. Watu waliokaa mezani pako wanatoka kwenye nyumba zilizokuwa pande tofauti za hiyo njia, na huenda hawajawahi kuongea kuihusu.

Halafu wewe unafungua kitabu na kusema: kuna jamii inaishi ng'ambo ya mto, wote ni wabaya, walizaliwa hivyo, wana sura fulani na lafudhi fulani, kazi yenu ni kuwamaliza na kuchukua mali yao.

Unasikia vile inasikika? Hilo wazo halikutoka kwa dragoni. Tunalijua kutoka vipeperushi na mikutano ya siasa. Sisi ndio tuliojaa barabarani Juni 2024 tukisema hatuna kabila, hatuna kiongozi, hatuna chama. Haina maana kukataa kitu hicho Jumanne barabarani kisha Jumamosi ukiwekee meza na soda.

Hata wenye gemu yenyewe wameanza kuliona. Kwa miongo mingi Dungeons & Dragons iligawa viumbe kwa neno la Kiingereza lile lile linalotumika kwa mbari za watu. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kimeliacha, sasa kinasema spishi. Wapo wanaolia kwamba gemu imeharibiwa na siasa. Mimi naona neno limebadilika lakini kazi kubwa imebaki kwako mchezeshaji, kwa sababu unaweza kusema spishi na bado ukapanga kijiji kizima cha kuchinjwa.

Sisemi mapigano yatoke. Hii ni gemu ya mbinu, bila mapigano ni nini? Ninachosema ni kwamba adui akipewa sababu na njia ya kutokea, mbinu yenyewe inakuwa tamu zaidi. Wacha nikuonyeshe kwa mfano.

Mji wa kubuni, uite upendavyo. Usiku bomba la maji limekatwa. Mtungi wa lita 20 uliokuwa unauzwa shaba mbili sasa ni shaba 10. Wachezaji wana mgonjwa kwenye zahanati na wanahitaji mitungi minne kabla jua halijatua. Kwenye koki wamesimama vijana sita na kiongozi wao. Mchezeshaji mvivu ataandika hivi: majambazi saba, kila mmoja ana nguvu 12, wanapigana. Mchezeshaji niliye upande wake ataongeza mistari minne tu. Kiongozi ana deni linaloiva Ijumaa, anataka bei ikae juu mpaka siku hiyo. Vijana wanne wanalipwa kwa siku, na malipo ya leo hawajapata. Wa tano ni ndugu mdogo wa kiongozi na hamwachi. Wa sita ana mama kwenye foleni hiyo hiyo ya maji.

Angalia vile uwanja umebadilika. Kiongozi hatafukuza wachezaji vichochoroni, kwa sababu anacholinda ni koki. Ndugu mdogo atakaa miraba miwili kutoka kwake, hata kama hapo ni pahali pabaya pa kusimama. Wale wanne wa malipo ya siku watapigana mpaka wa kwanza wao aanguke, kisha wataanza kutazama njia. Yule wa sita, mishale ikianza kuruka, ataacha mstari na kukimbilia foleni kumtoa mama yake, na pengo linafunguka upande wa kushoto. Wachezaji wanaochunguza kabla ya kushambulia watayagundua haya na kuyatumia. Wanaweza kuwalipa wale wanne. Wanaweza kununua deni. Wanaweza kupigana vizuri kwa raundi mbili na kumwacha kiongozi akiwa na ndugu yake peke yao, halafu wamuulize. Na wale wasiochunguza watapigana na watu saba kwa pamoja, pole yao.

Si wazo geni hili. Kwenye kisanduku cha msingi cha Dungeons & Dragons cha mwaka 1981 kulikuwa na sheria ya ujasiri: kila aina ya adui ina namba kati ya 2 na 12, na wa kwanza wao akianguka, tena nusu yao wakiisha, unarusha dadu mbili za kawaida. Ukipata zaidi ya namba yao, wanakimbia au wanajisalimisha. Adui mwenye ujasiri wa 7 ana nafasi kama 42 kati ya 100 ya kuvunjika kila unaporusha. Baadaye wengi waliiacha kando, na sijui walipata faida gani. Irudishe. Dadu zake ni za ludo, hakuna cha kununua. Gemu hizo za zamani pia zilitoa alama nyingi zaidi kwa mali uliyoileta nyumbani kuliko kwa maadui uliowaua, kwa hivyo mchezaji mwerevu alikuwa anatafuta jinsi ya kupita bila kupigana. Angalia wewe unatoa alama kwa nini. Ukimpa mtu alama kwa kila maiti, usishangae akileta maiti. Mpe alama kwa maji kufika zahanati.

Nasikia kuna mtu anasema: we pia, ni mchezo tu, wacha watu wapige joka watulie, wiki imekuwa ndefu. Nakubaliana na nusu ya hiyo. Joka halina jirani Kawangware. Zombi, mifupa inayotembea, nyoka mkubwa wa mtoni, hao wapigeni mpaka mchoke, hakuna mtu ataumia moyo. Si kila Jumamosi lazima iwe na deni na mama kwenye foleni. Lakini siku ile unapoweka watu kwenye ramani, wenye nyumba na moto wa jioni, waandikie sababu. Hiyo ni dakika kumi za maandalizi. Na ukweli ni kwamba hata joka lenye sababu linashinda lisilo nayo. Joka linalolinda mayai litapigana likiwa limeegemea ukuta mmoja, na hapo una mbinu ya kucheza nayo.

Jambo la muda, nitalipitia haraka kwa sababu ni hesabu. Una wachezaji watano, kila mmoja akichukua dakika tatu kwa zamu yake, na wewe dakika tano kwa maadui wote. Raundi moja ni dakika 20. Pambano la raundi nne ni dakika 80. Mkianza saa nane mchana na kumaliza saa kumi na moja, mna dakika 180. Mapambano mawili yameshakula 160, na bado hamjasalimiana. Kwa hivyo andaa pambano moja, liwe zuri, na muda uliobaki uwe wa kuchunguza, kubishana na kupanga. Anayefikiria sana kwenye zamu yake mwambie apange wakati wa zamu za wenzake.

Na usipange adui mmoja mkubwa dhidi ya watu watano. Yeye anatenda mara moja kwa raundi, wao mara tano. Hata awe na nguvu vipi, ataishia kusimama katikati akipigwa kama ngoma. Mpe wasaidizi wawili watatu, ama mpe uwanja unaomsaidia.

Saa kumi na moja sikuitaja hivi hivi. Kama una wasichana mezani, na uwe nao, wengi wao wanatakiwa nyumbani kabla ya giza, na sababu si ukali wa mathe peke yake. Mtu wa kutoka Kibera kuja Kawangware anapitia Ngong Road kisha Naivasha Road, na mvua ikinyesha nauli inapanda bila kuuliza mtu. Mchezeshaji anayevuta pambano mpaka saa moja usiku ndiyo aone wakimaliza, amewachagulia wengine hatari ambayo yeye hatatembea nayo. Kata pambano katikati kama ni lazima. Piga picha ya karatasi kwa simu, vifuniko vikiwa palepale, wiki ijayo mnapanga upya.

Kitu kingine cha mtaani ni dadu zenyewe. Mezani kwako ni gemu, lakini kwa mtu anayechungulia mlangoni ni kamari mpaka uthibitishe vinginevyo, na kwa nchi ambayo vijana wengi wamechomwa na beti, mzazi anayeshtuka hana makosa. Usiweke pesa mezani, hata ya soda. Changeni kabla. Rusheni dadu kwenye sahani ndani ya chumba, si kwenye ngazi za duka. Mwalike huyo mzazi akae zamu moja. Wengi wakishaona ramani wanaanza kutoa ushauri, na wengine ushauri wao ni mkali kuliko wa wachezaji.

Na dadu zako wewe mchezeshaji, zirushe wazi. Najua wapo wanaozificha nyuma ya kadibodi ili waweze kudanganya kidogo kumwokoa mchezaji au kurefusha maisha ya adui wanayempenda. Siwakubali. Vijana wa mitaa hii wameamuliwa mambo nyuma ya mlango vya kutosha. Wakiona namba na wakaijua sheria, watakubali hata kifo cha mhusika waliyemjenga miezi mitatu. Wakishuku umepika matokeo mara moja, hawatakuamini tena hata ukisema mvua inanyesha.

Basi kwa Jumamosi. Usiandike hadithi. Hadithi uliyoiandika kurasa sita itavunjwa na mchezaji wa kwanza atakayesema mimi sipiti hapo, naenda kuongea na mama mboga, na utabaki ukimlazimisha arudi kwenye karatasi yako. Chora uwanja mmoja. Weka kitu kimoja kinachobadilika ndani ya pambano, iwe treni, mvua kwenye mtaro au keya kuamka. Weka kile wachezaji wanachohitaji na saa ya mwisho ya kukipata. Halafu upande wa adui, mbele ya kila kifuniko cha soda, andika maneno matatu ya anachotaka na moja la pale atakapokimbilia. Mama mboga pia mpe maneno yake matatu, maana wataenda kwake. Na kwenye kona ya ramani, karibu na geti, andika jina la aliye na ufunguo.